Mistari Sita ya Mahali

Katika BASIC, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kigeu ambacho hakijapewa thamani yoyote huwa ni sifuri. Hukukiambia kitu, nacho hakikukuuliza. Ukikitaja kwa mara ya kwanza kinakupa 0 papo hapo, bila kusita, na hesabu inaendelea.

Chukua programu ndogo ya QBasic ya kukokotoa nyakati za swala. Kabla haijaanza kazi inahitaji kujua mambo sita: latitudo, longitudo, tofauti ya saa za nchi na saa za Greenwich, pembe ya jua chini ya upeo wa macho kwa alfajiri, pembe kama hiyo kwa isha, na kipimo cha kivuli cha alasiri. Iendeshe bila kuipa hata moja. Haitagoma. Latitudo sifuri, longitudo sifuri: imejiweka katikati ya maji ya Ghuba ya Guinea, kusini mwa Ghana, pale ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich, mahali pasipo na ardhi wala mwadhini. Na kwa kuwa pembe nazo ni sifuri, alfajiri inaangukia karibu kabisa na kuchomoza kwa jua, isha inabanana na magharibi, na alasiri, ambayo kivuli chake hakikuongezewa chochote, inarudi nyuma hadi kukutana na adhuhuri. Nyakati tano zimekuwa tatu. Skrini inazionyesha kwa saa na dakika, zimepangwa vizuri kwenye safu zake, na hakuna popote palipoandikwa kwamba programu haijui iko wapi.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Huwa tunamwona aliyesahau kama mtu anayeelea, asiye na pa kukanyaga. Kumbe amekanyaga. Yuko mahali mahususi kabisa, ila sipo anapoishi, na kutoka huko anatoa majibu kwa uhakika uleule wa mwenye kukumbuka. Ghafla hiyo namna ya kusahau inatisha zaidi ya ile niliyokuwa nikiijua.

Kigeu ukishakipa thamani, inadumu kwa muda ambao programu iko kazini. Ukiifunga, nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta inaachiwa wengine, na kesho ukiiendesha tena inaanza bila jana yake. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kwamba usingizi una undugu na mauti, na kwamba kila anayeamka amerudishiwa roho yake na Aliyeishika usiku. Lakini pamoja na roho anarudishiwa na mengine ambayo hatuyashangai vya kutosha. Anaamka kabla ya mapambazuko, chumba kiko gizani, na tayari anajua kibla kiko upande wa ukuta gani. Hakuna aliyemwambia asubuhi hiyo. Yeye ni nani, nyumba ni ya nani, uso uelekee wapi: yote yamekuja naye kutoka upande wa pili wa usingizi. Mgeni aliyelala nyumba asiyoizoea hana neema hiyo. Neno lake la kwanza kwa mwenyeji ni kuuliza, kibla wapi hapa?

Programu ni mgeni kila siku. Kwa hiyo lazima kuwe na mahali, nje ya maisha yake mafupi, ambapo jibu limeandikwa.

Walioianzisha BASIC hawakuanza na mafaili. Ilikuwa kiasi cha saa kumi usiku, tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth mjini Hanover, New Hampshire, Marekani, programu ya kwanza ya lugha hiyo ilipofanya kazi. John Kemeny, mzaliwa wa Budapest, na mwenzake Thomas Kurtz walikuwa walimu wa hisabati, na walitaka kila mwanafunzi, hata asiyesoma sayansi, aweze kuzungumza na kompyuta. Toleo hilo la kwanza halikuwa hata na njia ya programu kumwuliza mtu neno wakati inafanya kazi. Amri ya INPUT ilikuja baadaye. Vitu vilivyohitaji kujulikana viliandikwa ndani ya programu yenyewe, kwenye mistari iliyoanza na DATA, na amri ya READ ikavisoma kimoja kimoja. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya mashine ya kupigia chapa aliandika HELLO, akajitambulisha, kisha mashine ikamwuliza: NEW OR OLD? Unaanza jipya, au unarudia la zamani? Akijibu OLD, alirudishiwa programu yake nzima aliyoihifadhi, mwili wake na kila kilichokuwa ndani yake, vikiwa vimeshikamana.

Kushikamana huko kuna uzuri wake. Mwaka 1371, Ibn al-Shatir, aliyekuwa mtunza nyakati wa Msikiti wa Umawiyya mjini Dameski, alitengeneza saa kubwa ya jua ya marumaru kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Mistari iliyochongwa juu yake ilionyesha saa za mchana na ilihusishwa na nyakati za swala, kwa ustadi ambao wanafalaki wanauheshimu mpaka leo. Nayo haikuhitaji kukumbushwa kitu. Latitudo ya Dameski imo ndani ya jiwe, katika mpindo wa kila mstari. Haiwezi kusahau ilipo. Lakini ibebe uilete Unguja, uisimamishe Forodhani chini ya jua letu, na mistari yake ileile itakuwa inasema uongo kutwa, kwa sauti ileile ya utulivu.

Hapo ndipo faili la maandishi linapoingia, na ndiyo maana nalipenda kuliko kinavyostahili kitu kidogo hivyo. Linatenganisha vitu viwili ambavyo jiwe liliviunganisha: jinsi jua linavyokwenda, na mahali mtu aliposimama. La kwanza linabaki ndani ya programu, halibadiliki kwa ajili ya mtu yeyote. La pili linatolewa nje, linaandikwa kwenye mistari sita, na mtu yeyote anaweza kulisoma.

Kwa QBasic, iliyokuja na MS-DOS 5 mwaka 1991, kuhifadhi kunakwenda hivi:

OPEN "MAHALI.TXT" FOR OUTPUT AS #1
PRINT #1, "LATITUDO="; lat
PRINT #1, "LONGITUDO="; lon
PRINT #1, "SAA="; saa
PRINT #1, "ALFAJIRI="; pembeA
PRINT #1, "ISHA="; pembeI
PRINT #1, "ALASIRI="; kivuli
CLOSE #1

Ukilifungua faili hilo kwa kihariri chochote cha maandishi, cha zamani au cha leo, utakuta hivi:

LATITUDO=-6.16
LONGITUDO= 39.19
SAA= 3
ALFAJIRI= 18
ISHA= 17
ALASIRI= 1

Tazama nafasi iliyo wazi kati ya alama ya usawa na 39.19. Hakuna aliyeiweka kwa mkono. BASIC inapoandika namba huacha nafasi ya herufi moja mbele yake kwa ajili ya alama ya hasi, hata kama namba hiyo si hasi. Kwenye latitudo nafasi hiyo imejazwa, kwa sababu Unguja iko kusini mwa ikweta. Kwenye longitudo imebaki wazi, kwa sababu tuko mashariki. Kila namba chanya katika faili inatembea na kiti kitupu cha kinyume chake.

Kile kistari kidogo mbele ya 6.16 nimekitazama zaidi ya kitu kingine chochote katika faili hili. Kifute, uache 6.16 peke yake. Programu haitalalamika, latitudo 6.16 kaskazini ni mahali halali. Mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, jua linapokuwa juu ya ikweta, hutaona tofauti: mahali pawili hapo, pa kusini na pa kaskazini, machweo yake yanalingana, na kosa linalala. Mwezi wa sita magharibi ya programu itachelewa kwa takriban dakika 21. Mwezi wa kumi na mbili itatangulia kwa kiasi hichohicho, na mfungaji anayeifuata atafuturu huku jua bado liko juu ya bahari. Yote hayo kwa herufi moja, na jua likiwa karibu na ikweta hakuna ambaye angeshuku. Nafsi nazo zina makosa ya aina hii, yanayopatana na ukweli katika misimu ya utulivu na kuachana nao mchana unaporefuka. Sijui njia nyingine ya kuyagundua isipokuwa kulifungua faili na kulisoma mstari kwa mstari, wakati ambapo kila kitu kinaonekana kuwa sawa.

Ndiyo maana nasisitiza liwe faili la maandishi ya kawaida. Visual Basic ilipokuja na amri za SaveSetting na GetSetting, mipangilio ikahamia ndani ya rejista ya Windows, kwenye matawi ambayo mtumiaji wa kawaida hafiki. Inafanya kazi, na wenye haraka wanaipenda. Lakini amana inayowekwa mahali ambapo mwenyewe hawezi kuikagua imepungukiwa na kitu. Mzee wa msikiti asiyejua programu hata kidogo anaweza kuletewa MAHALI.TXT, akavaa miwani, akasoma ALFAJIRI= 18, akasema: ndiyo, hiyo ndiyo tunayoifuata hapa. Au akasema: hapana.

Anayo haki ya kusema hapana, kwa sababu mstari huo umebeba rai za wanavyuoni. Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, Rabita, inahesabu alfajiri jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo na isha likiwa nyuzi 17. Mamlaka ya Misri inatumia 19.5 na 17.5. Huko Amerika Kaskazini jumuiya ya ISNA ilizoesha watu 15 na 15. Umm al-Qura ya Saudia haitumii pembe kwa isha. Inahesabu dakika 90 baada ya magharibi. Na kwenye mstari wa mwisho, 1 ni kivuli cha Mashafii, kinacholingana na urefu wa kitu baada ya kutoa kivuli cha adhuhuri, na 2 ni kivuli cha Wahanafi. Kwa hiyo faili hili fupi linabeba mahali pa aina mbili. Kuna mahali pa mwili, panapopimwa kwa nyuzi za dunia. Kuna na mahali pa ufuasi: ulisoma kwa nani, unasimama nyuma ya imamu gani. Programu haihukumu kati yao. Imeacha mistari hiyo nje yake makusudi, na kwa kuiacha nje imewezesha nyumba mbili zenye rai mbili kulitumia jua moja.

Kusoma ni kugumu kuliko kuandika. Anayeandika anajua anachoandika. Anayesoma hajui atakachokikuta, wala kama atakuta kitu. Ukiamuru OPEN "MAHALI.TXT" FOR INPUT na faili halipo, QBasic inasimama na hitilafu namba 53. Mwandishi mwangalifu huitarajia, anaweka ON ERROR GOTO, na kabla ya yote hayo anafanya jambo moja muhimu kuliko yote: anakipa kila kigeu thamani ya kuanzia. Lat iwe -6.16, lon iwe 39.19, na kuendelea, kabla ya kuligusa faili. Halafu ndipo programu inasoma:

DO UNTIL EOF(1)
  LINE INPUT #1, m$
  p = INSTR(m$, "=")
  IF p > 0 THEN
    jina$ = LEFT$(m$, p - 1)
    neno$ = MID$(m$, p + 1)
    IF jina$ = "LATITUDO" THEN lat = VAL(neno$)
    IF jina$ = "LONGITUDO" THEN lon = VAL(neno$)
  END IF
LOOP
CLOSE #1

na mistari mingine minne kwa mfano huohuo. Kila mstari unachukuliwa mzima, unatafutwa alama ya usawa, unagawanywa jina na thamani. Jina likijulikana, thamani yake inachukua nafasi ya ile ya kuanzia. Mpangilio wa mistari haujalishi. Mstari ukikosekana, thamani ya kuanzia inabaki, na maisha yanaendelea.

Huo utaratibu wa kutanguliza thamani za kuanzia, kisha kupokea kilichoandikwa, unanikumbusha mafundisho ya fitra: kwamba mtoto haji duniani mtupu, amekuja na mwelekeo alioumbwa nao, na maisha yanaandika juu yake. Waliomlea wanaweza kuupotosha. Lakini yale ambayo hayakuandikwa na yeyote yanabaki kama yalivyowekwa mwanzo. Kwa maana hiyo mwandishi wa programu ana jukumu zito anapochagua thamani za kuanzia. Anamchagulia mtu ambaye bado hajui kuchagua. Kama programu ni ya watu wa Unguja, haifai kuiacha izaliwe kwenye Ghuba ya Guinea kwa sababu tu huko ndiko mashine ingeipeleka yenyewe.

VAL inahitaji kuangaliwa. Ni amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, na haikatai kitu. Ukiipa "39.19" inakupa 39.19. Ukiipa "6,16" kwa mkato inasoma mpaka kwenye mkato na kukupa 6. Ukiipa "kusini" inakupa sifuri. Haisemi kwamba haikuelewa. Baada ya kila VAL ni lazima mtu aulize kama jibu linaingia akilini: latitudo isizidi 90 wala isipungue -90, pembe ya alfajiri isiwe chini ya 10. Kinachoshindikana kinaachwa, na thamani ya kuanzia inarudi mahali pake.

Na ile mistari isiyo na alama ya usawa? Msimbo wa hapo juu unaipita bila neno. Kwa hiyo mtu anaweza kuandika ndani ya faili maneno yake: kwamba vipimo hivi vilichukuliwa juu ya paa la msikiti, kwamba aliyevichukua ameshatangulia mbele ya haki na aombewe. Programu haielewi, haisomi, haidhuriki. Lakini siku itakapohifadhi tena itaandika mistari yake sita tu, na dua ile itapotea. Nimeona programu nyingi zikifanya hivyo, na kila mara naona ni kukosa adabu. Inawezekana kabisa, wakati wa kusoma, kuiweka kando mistari yote isiyoeleweka kwenye safu ya vigeu, kisha wakati wa kuhifadhi kuirudisha kama ilivyokuwa. Ni mistari michache tu ya msimbo. Kutunza usichokielewa, kwa sababu tu kuna aliyekiweka, ni sehemu ya uaminifu wa kuachiwa kitu.

Kuna jambo kuhusu FOR OUTPUT ambalo kila anayeandika BASIC anapaswa kulijua kwa moyo. Amri hiyo inapofungua faili lililokuwepo, inalifuta papo hapo. Hata kabla herufi moja mpya haijaandikwa, ya zamani yameshakwenda. Halafu PRINT #1 haipeleki maneno kwenye diski moja kwa moja. Yanakusanywa kwanza kwenye akiba ndani ya kumbukumbu, na CLOSE ndiyo inayohakikisha yamefika. Programu ikimalizika salama, BASIC hufunga mafaili yenyewe. Umeme ukikatika kati ya OPEN na CLOSE, na kwetu umeme hukatika, mtu anabaki na faili tupu: la zamani limefutwa, jipya halijafika.

Wanaolijua hilo huandika kwanza kwenye faili la pembeni, MAHALI.TMP. Wanalifunga. Kisha KILL "MAHALI.TXT", na baada yake NAME "MAHALI.TMP" AS "MAHALI.TXT". Hakuna wakati hata mmoja ambao diski haina nakala nzima, ya zamani au mpya. Nimewajua watu waliotubu kwa kujifuta kwanza. Walitupa kila walichokuwa nacho, pamoja na mema yao madogo na mazoea yao ya ibada, kwa nia ya kuandika upya kila kitu usiku mmoja. Na usiku huo ukakatika katikati. Nawaombea. Nadhani toba nyingine inataka kuandikwa pembeni kwanza, polepole, hadi mstari wa mwisho, ndipo ipewe jina la ile ya zamani.

Na ile CLOSE. Mjini Baghdad mwaka 857 alifariki Harith, mwenyeji wa Basra, ambaye watu walimwita al-Muhasibi kwa sababu ya mazoea yake ya kuihesabu nafsi. Baada yake Imamu Ghazali alitenga kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya, kuhusu kuichunga nafsi na kuihesabu. Desturi hiyo iliwafikia masheikh wa pwani yetu, na wapo wazee ambao hawalali kabla ya kukaa kidogo kwenye mkeka na kuipitia siku. Kwa muda mrefu nilidhani wanachofanya ni kukumbuka dhambi. Sasa naona kuna zaidi. Mchana mtu amejifunza jambo, ameazimia jambo, ameguswa na maneno ya mtu. Yote hayo bado yako kwenye akiba, hayajafika popote. Akilala hivyo, ataamka na thamani zake za juzi. Kule kukaa kidogo ndiko kunakofunga faili.

Sasa msafiri. Mtu wa Unguja amepanda ndege kwenda Muscat, kama wengi wetu walivyo na jamaa huko, na programu yake iko naye. Asipofanya kitu, itaendelea kumpa nyakati za Unguja. Hapa kwetu jua hupita juu ya kichwa, kwa wastani wa mwaka, kama saa sita na dakika 23 mchana, kwa sababu saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita mbali baharini na kukaribia Mogadishu. Muscat hupita kama saa sita na dakika 6 za huko. Na kibla: Makka iko karibu kwenye longitudo moja na Unguja, kwa hiyo sisi tunaelekea kaskazini, tukipinda mashariki kwa nyuzi moja na ushei tu. Aliyeko Muscat anaelekea magharibi, na kupinda kwake kuelekea kusini ni nyuzi tatu hadi nne tu. Mtu yuleyule, imani ileile, na mwili umegeuka karibu robo ya duara.

Anachobadilisha ni mistari mitatu: latitudo iwe 23.59, longitudo 58.41, saa 4. Hesabu ya mwendo wa jua haiguswi. Sheria nayo inajua jambo hili. Inampunguzia msafiri rakaa bila kumbadilishia Mola. Na mwaka wa 2 Hijria, kibla kilipohamishwa kutoka Baitul Maqdis kwenda Makka, imepokewa kwamba waliokuwa ndani ya swala walipofikiwa na habari waligeuka palepale walipokuwa. Hawakuivunja swala wakaanza upya. Msikiti wa Qiblatayn ulioko Madina unakumbusha tukio hilo. Kila ninapoandika sehemu ya programu inayosoma mipangilio upya bila kuzimwa, nawafikiria watu wale, jinsi safu zilivyozunguka, wa mbele wakawa nyuma, na waliendelea kusoma.

Wako wanaotaka kuweka mengi ndani ya faili: rangi ya maandishi, ukubwa wa herufi, sauti ya adhana. Yawekwe, hayana ubaya. Nina wasiwasi na kitu kimoja tu, nacho ni pale mtu anapoanza kuyatoa nje yale yaliyostahili kubaki ndani. Niliwahi kuulizwa kama mteremko wa jua wa kila siku nao ungeweza kuwa mpangilio, ili mtumiaji aurekebishe nyakati zikimkera. Nikasema hapana. Mahali pako ni pako, upabadilishe unapohama. Rai unayoifuata, uulize wenye elimu kisha uandike. Jua halimo kwenye orodha hiyo.

Mstari wa saba niliouongeza baadaye unaitwa TAHADHARI, na thamani yake ni 2. Hizo ni dakika ambazo programu inaziongeza kwenye magharibi baada ya hesabu yote kwisha. Hesabu inachukulia kwamba upeo wa macho ni bapa na kwamba hewa inaupinda mwanga kwa kiasi kilekile kila siku, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho hivyo kila wakati. Anayekaa ghorofa za juu za Michenzani, hapa Unguja, bado analiona jua wakati aliyesimama chini limeshamzamia. Aliye chini hapungukiwi na kitu kwa kungoja dakika mbili. Wa juu, bila dakika hizo, angefuturu mapema.